Saini ya Kufungulia Mvuke

Jumatano, tarehe tisa Oktoba. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na hadi saa tatu asubuhi yalikuwa bado yanadondoka, mvua ile isiyo na haraka wala haya.

Mlango tuliouacha wazi wiki iliyopita ungali wazi. Ndani, nyuma ya meza, ameketi Mkuu wa Utawala wa hospitali. Mbele yake amesimama mfanyakazi wa chumba cha kufulia, yule wanayemwita Mikunjo kwa kuwa shuka likipita mikononi mwake halibaki na hata mkunjo mmoja. Na kizingitini, mwavuli ukimdondokea maji miguuni, amesimama mtu ambaye Mikunjo angetoa meno mawili asimwone pale.

Mkewe.

"Hodi," alisema, ingawa mguu mmoja ulikwisha kuingia.

"Karibu, mama. Wewe ni nani wetu?" Mkuu aliuliza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini ya watu wasiozoea kurudia neno.

"Mimi ni Mama Pacha, mke wa huyu." Alifungua mfuko, akatoa kitambaa cha meza kilichodariziwa maua pembeni. "Sikuja kusumbua. Nimekuja kushukuru kwa mume wangu kupandishwa cheo. Asiyeshukuru kidogo, kikubwa humpita. Nimekishona mwenyewe."

Mikunjo alirudi nyuma hatua moja.

Kwa anayeanza kusoma leo, kisa ni kifupi. Mwezi wa tatu msimamizi wa chumba cha kufulia aliugua, akastaafu, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Lakini kanuni ya boila ilibaki palepale: fundi hafungui mvuke wa mashine za pasi mpaka kitabu cha zamu kiwe na saini kwenye mstari wa msimamizi. Mikunjo ndiye anayefika wa kwanza. Asubuhi ile mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yamerundikana hadi dirishani, fundi amekaa na kitabu chake mapajani, mvuke umefungwa. Mikunjo akasaini ili kazi iende. Kesho yake akasaini tena. Mwisho wa mwezi, mshahara wake ukaja umenona kwa karibu nusu ya ule wa kawaida.

Alijua ni kosa. Alijua siku ileile, kabla hata ya kuikunja karatasi ya mshahara. Lakini jioni mkewe alimuuliza, "Baba Pacha, hizi zimetoka wapi?" Na badala ya kusema sijui, akasema, "Nimepandishwa cheo."

Uongo huo ulizaliwa mdogo. Sasa una miezi saba, na umeota meno.

Mkuu alikipokea kitambaa, akakitandaza juu ya faili. Hakukunja uso. Hakucheka. Alimtazama Mama Pacha, kisha akamtazama Mikunjo.

"Nani amekwambieni?" aliuliza.

Mikunjo alifumba macho.

"Barua hiyo haijatoka," Mkuu aliendelea. "Iko hapa kwenye droo."

Mikunjo alifumbua jicho moja. "Barua ipi, Mkuu?"

"Ya kukufanya msimamizi. Ndiyo sababu nilikuita. Miezi saba umekifungua chumba kile kila asubuhi bila kuamriwa na mtu. Bodi ya hospitali inakaa Ijumaa, ikiridhia, cheo ni chako. Lakini naona siri za ofisi hii zina miguu, zimefika nyumbani kwako kabla yako."

Mama Pacha alicheka kwa furaha. "Mkuu, huyu mume wangu ni mnyenyekevu mno. Hata mimi alinidokeza kwa shida."

Mikunjo alishika ukingo wa kiti. Uongo wake ulikuwa umepata barua. Ulikuwa karibu kugeuka ukweli, tena kwa mhuri. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumsitiri. Akalianza moyoni, na halikwenda. Kwa miezi saba alikuwa akisali harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Na miaka kumi na sita ya kufua nguo za wagonjwa ilikuwa imemfundisha kwamba shuka chafu, hata ulikunje pembe kwa pembe, ni chafu lililokunjwa.

"Kaeni nje kidogo," Mkuu alisema. "Kuna jambo la karani wa mishahara ambalo lazima nilimalize leo. Fundi wa boila anakuja. Mikunjo, nitakuhitaji."

Jambo la karani. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi.

* * *

Kwenye korido palikuwa na benchi moja refu, na juu ya benchi aliketi binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, bahasha ya kaki mapajani. Ndiye karani wa mishahara. Hospitali nzima ilimwita Miwani. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu mkaguzi wa hesabu alipogundua kwamba mkunja mashuka analipwa mshahara wa msimamizi, na tangu siku hiyo Miwani alikuwa amesimamishwa kazi.

"Shikamoo, mama," Miwani alisema, akisogea kuwapa nafasi.

"Marahaba, binti yangu. Kumbe uko hapa." Mama Pacha aliketi karibu yake kabisa. "Mbona umekonda hivyo? Wanakulisha mawazo matupu?"

"Nina kesi, mama."

"Kesi na wewe? Huyu mtoto aliyenihudumia dirishani siku ile kama mama yake mzazi?" Alimgeukia mumewe. "Baba Pacha, unajua habari hii?"

"Nimesikia kidogo," Mikunjo alisema. Alikuwa bado amesimama. Benchi lilikuwa na nafasi, ila yeye hakujiona kuwa na haki ya kukaa.

"Umesikia kidogo, ukakaa kimya sana," mkewe alisema. "Binti, usiogope. Mume wangu ndiye msimamizi. Neno lake lina uzito humu ndani. Atakusemea."

Miwani alimtazama Mikunjo kupitia vioo vile vikubwa. Hakukuwa na chuki katika macho yake, na hilo ndilo lililouma.

"Namtegemea yeye tu, mama," alisema. "Hakuna mwingine aliyekuwepo."

Mikunjo alijifanya anasoma tangazo ukutani kuhusu kunawa mikono. Alilisoma mara tatu. Mara ya nne herufi zilianza kucheza.

Mama Pacha alimvuta pembeni, karibu na matoroli ya nguo chafu. "Una nini wewe? Unatoka jasho na mvua yote hii."

"Mvuke," alisema.

"Mvuke uko kule chini. Huku kuna feni."

Kabla hajatunga jibu, alitokea mwisho wa korido mzee mfupi, kofia imelowa, kitabu kikubwa kimefungwa kwa mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga. Mzee Mvuke, fundi wa boila. Miaka thelathini alikuwa amekaa na boila, hata sauti yake ilikuwa na kikohozi cha bomba.

"Mwanangu," alimwambia Mikunjo, "wameniita na kitabu changu. Kitabu hiki hakijawahi kutoka chumba cha boila tangu nikianze. Umefanya nini?"

"Mimi, mzee?"

"Simwoni mwingine mwenye uso wa kufanya kitu."

Mlango ulifunguliwa. Mkuu aliwahesabu kwa macho. "Karani. Fundi. Mikunjo." Kisha, baada ya kutazama karatasi mkononi mwake, "Na wewe, Mama Pacha, ingia. Jina lako limo kwenye faili."

Mikunjo alisimama wima. Jina la mkewe kwenye faili? La nini?

* * *

"Tutaanza na kitabu," Mkuu alisema.

Mzee Mvuke alikifunua. Mstari wa msimamizi, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, saini ileile moja, herufi zake zimepangwa vizuri kama foronya kabatini.

"Fundi, ulijua huyu si msimamizi?"

"Nilijua."

"Ukafungua mvuke?"

"Kanuni inasema saini, Mkuu. Haisemi ya nani. Paka angesaini, ningemfungulia paka." Alicheka peke yake, akakohoa, akanyamaza.

Mama Pacha aliinua kichwa. "Samahani, Mkuu. Amesema huyu si nani?"

"Nakuja huko, mama. Karani, sema yako."

Miwani alisimama ingawa hakuambiwa asimame. "Nakala za vitabu vya zamu huja kwangu kila mwisho wa mwezi. Nikaona saini ya kaka huyu kila siku. Mara ya kwanza nililipa nikidhani barua ya uteuzi iko njiani. Barua za hapa zinatembea kwa magongo. Hilo ni kosa langu na nimelikiri. Mwezi uliofuata barua ikawa haijafika, nikamfuata mwenyewe. Alikuwa anasukuma toroli pale karibu na lifti. Nikamuuliza, 'Kaka, wewe ndiye unayekaimu usimamizi?' Akajibu, 'Ndiyo.' Nikaendelea kulipa."

"Nani alisikia?"

"Mungu."

"Naamini alisikia," Mkuu alisema, bila kejeli. "Ila hatii saini kwenye ripoti ya mkaguzi." Akatoa karatasi nyingine. "Na hii je? Barua ya mwezi wa sita. Unathibitisha kwa chama cha akiba na mikopo kwamba Mikunjo ni msimamizi, na mshahara wake ni huu. Mkaguzi anasema hii ndiyo njama yenyewe. Karani humpandishia mtu mshahara, humwandikia barua, mkopo ukitoka wanagawana."

"Hatukugawana kitu," Miwani alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka.

"Mwombaji ni mke wa mfanyakazi."

Mikunjo aligeuka polepole. "Mkopo gani, Mama Pacha?"

Sasa ilikuwa zamu ya mkewe kutazama sakafu. "Wa cherehani."

"Uliniambia cherehani ni akiba yako."

"Nilikwambia hivyo. Nilijua ungekataa mkopo. Nikasema, mume wangu sasa ni msimamizi, tutalipa bila kuumia, naye nitamfurahisha." Alimtazama Mkuu. "Lakini binti huyu hana hatia, Mkuu. Mimi ndiye niliyeiomba barua ile. Nilisimama dirishani, nikamwambia mume wangu amepandishwa cheo, nataka karatasi ya mshahara. Hakunidai hata senti moja."

"Mama," Mkuu alisema taratibu, "mume wako hajapandishwa cheo."

"Si umesema barua iko kwenye droo?"

"Iko kwenye droo. Inasubiri Ijumaa. Tangu mwezi wa tatu analipwa kimakosa. Hajawahi kuwa msimamizi."

Mama Pacha alitabasamu, kama mtu anayesubiri sehemu ya mwisho ya mzaha. Haikuja.

"Hajawahi tangu lini?"

"Tangu azaliwe," Mzee Mvuke alisema.

Manyunyu yalisikika dirishani. Mama Pacha hakumtazama mumewe. Alikuwa anajaribu kwanza kumwokoa mtoto wa watu. Ya nyumbani yangesubiri.

"Hata kama ni hivyo," alisema, "binti alilipa akijua ni haki. Nina hakika. Siku ile dirishani alinipa mkono kabisa. Akaniambia, 'Hongera mama, hata mimi nilimuuliza mwenyewe na...'"

Akakoma.

Shingo yake iligeuka kuelekea kwa mumewe, kidogo kidogo. Alimwona. Miaka kumi na minne ya ndoa ilimtosha, hakuhitaji mkaguzi.

"Na nini?" Mkuu aliuliza.

"Mwenye mdomo yuko hapa, Mkuu," Mama Pacha alisema. "Muulize yeye."

* * *

Mkuu alifungua droo. Akatoa bahasha nyeupe, akaiweka mezani upande wa kulia. Upande wa kushoto akaweka ripoti ya mkaguzi.

"Mikunjo, nisikilize, sitaki useme baadaye hukuelewa. Kulipwa zaidi kwa makosa ya ofisi si hatia yako. Utakatwa kidogo kidogo mpaka ziishe, na hakuna atakayekunyooshea kidole. Lakini kuulizwa na karani, ukamdanganya, hilo si kosa la hesabu. Ni la nidhamu. Watu wamefukuzwa hapa kwa kosa dogo kuliko hilo."

"Naelewa, Mkuu."

"Ukisema hukuulizwa, bahasha hii inakwenda kwa bodi Ijumaa, na binti huyu anakwenda nyumbani moja kwa moja. Ukisema uliulizwa, yeye anarudi dirishani kwake. Na wewe, siwezi kukuahidi hata kazi ya kukunja mashuka. Alikuuliza, au hakukuuliza?"

Haya, msomaji. Kuna maswali ambayo mtu huyajibu kwa ulimi, na mengine huyajibu kwa maisha yake yote. Mikunjo aliitazama bahasha. Ilikuwa karibu. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa juu yake, na chini ya jina, neno lile alilokuwa akilivaa nyumbani kama koti la kuazima.

"Mkuu," alianza, "ni siku nyingi. Huenda aliniuliza, huenda sikusikia. Ile lifti ina kelele."

Miwani alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. Bila vioo alionekana mdogo sana.

"Lifti ilikuwa mbovu, kaka," alisema polepole. "Ndiyo maana ulikuwa unasukuma toroli kwenye njia ya mteremko. Nilikusaidia kulizuia lisiteleze. Umesahau?"

"Aprili nzima lifti ilikuwa maiti," Mzee Mvuke aliongeza. "Mimi ndiye niliyeifungia kamba."

Hakuna aliyemkaripia. Hakuna aliyemwita mwongo. Walimsubiri tu.

Alikumbuka. Alikumbuka yote. Toroli lilikuwa zito kwa mablanketi mabichi, gurudumu moja limekwama, na binti huyu aliweka faili zake chini sakafuni akaegemeza bega lake dogo kumsaidia. Akauliza swali lake akiwa bado analisukuma. Na yeye alimjibu bila kumtazama.

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, Mikunjo alisali bila haraka. Sala yenyewe ilikuwa na maneno mawili tu. Nisaidie, Bwana.

"Aliniuliza," alisema.

Kalamu ya Mkuu ilisimama hewani.

"Aliniuliza, nikamsikia vizuri. Nikasema ndiyo. Alikuwa ananisaidia kusukuma toroli, nami nikamdanganya mikono yetu ikiwa kwenye mzigo mmoja. Tena si hiyo tu. Aliposimamishwa kazi nilijua ni kwa ajili yangu. Nimepita mbele ya dirisha lake wiki mbili, nimeliona limefungwa, nikaenda kukunja mashuka."

Miwani alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, hakulia. Aliuliza.

"Kwa nini, kaka? Ningerekebisha siku ileile. Ni kalamu moja tu. Hata wino usingekwisha."

"Kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeshasema."

Mama Pacha alitoa sauti ndogo puani. Haikuwa kicheko. "Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe. Ni jinsi ulivyofurahi. Nilishindwa kukunyang'anya."

"Ukaona afadhali unyang'anye mtoto wa mwenzako."

Mzee Mvuke, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, aligeuza kurasa za kitabu chake kana kwamba anatafuta humo saini ya kumsaidia.

Mkuu aliichukua bahasha nyeupe, akairudisha kwenye droo, akafunga. Kitasa kilitoa mlio mdogo tu.

"Nimesikia," Mkuu alisema. "Lakini mimi si bodi. Ijumaa saa nne watakuita, nao hawatataka kusikia kwamba Mkuu alisikia. Watataka kinywa chako. Na siku mbili ni nyingi kwa mtu mwenye hofu. Nimeona watu wakilia hapa Jumatano, wakasahau wote Ijumaa. Ukibadilisha neno pale, binti huyu amekwisha, na mimi sitakuwa na la kufanya."

"Sitabadilisha."

"Ngoja kwanza, Mkuu." Mama Pacha alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi. Rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. "Kabla hajasema zaidi, kuna kitu lazima akijue. Chama hakikutoa mkopo kwa barua peke yake. Kilitaka na dhamana."

Mikunjo alimtazama. "Dhamana gani?"

"Nyumba ya mama yako."

Alidhani amesikia vibaya.

"Nilimwendea," mkewe alisema. "Nilimwambia, 'Mwanao amekuwa msimamizi, nataka kumshangaza kwa cherehani.' Alifurahi mpaka akaimba. Akatoa hati mwenyewe kutoka chini ya godoro, akaweka dole gumba. Marejesho tumepiga hesabu kwa mshahara wa msimamizi. Ukifukuzwa kazi, wanakwenda kwake."

Mama yake. Nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga kwa miaka ishirini ya kuuza mboga, tofali kwa tofali. Mikunjo alitafuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

Mzee Mvuke alisogea karibu, akainama, akanong'ona kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia. "Mwanangu, hapa ndani hakuna aliyeandika kitu bado. Maneno ni mvuke. Ukifungua dirisha, unakwenda."

Mkuu hakumkatiza. Alikuwa anamtazama Mikunjo. Miwani naye aliinamisha kichwa. Alielewa kile alichokuwa akiombwa mtu huyu kulipa, na hakuwa na moyo wa kumwomba.

"Kama ni nyumba ya bibi," Miwani alisema kwa shida, "mimi bado kijana. Nitatafuta kazi kwingine."

"Nyamaza wewe," Mama Pacha alimwambia, kwa ukali wa mama. "Nani atakuajiri na jina la wizi mgongoni?" Kisha akasimama mbele ya mumewe. "Nimekwambia habari ya nyumba ili uahidi ukijua. Sikukwambia ili usiahidi. Kosa la dhamana ni langu, nami nitakwenda kwa mama leo hii kumpigia magoti. La kwako ni lako. Haya."

Mikunjo aliinuka. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama shuka lililopigwa pasi mara mbili.

"Mama Pacha, nakuahidi..."

"Si mimi." Alimshika bega, akamgeuza. "Mimi umezoea kuniambia. Mwambie yeye."

Miwani alivaa miwani yake. Mkuu aliweka kalamu chini. Mzee Mvuke alivua kofia yake iliyolowa, akaikumbatia kifuani.

Mikunjo alimtazama karani machoni, kitu ambacho hakukifanya siku ile ya toroli.

"Mbele ya Mungu, na mbele ya Mkuu huyu, na mzee huyu, na mke wangu," alisema, "Ijumaa saa nne nitasimama mbele ya bodi, niseme kwamba uliniuliza, nami nikakudanganya. Sitasema lifti. Sitasema nimesahau. Nikibaki na kazi au nikifukuzwa, kila senti nitairudisha. Na wakija kuchukua nyumba ya mama yangu, watanikuta nimekaa mlangoni, nami nitawaambia ni mimi niliyeiuza, kwa neno moja, ndiyo."